Nukta Haikusema Ghorofa

Dada yangu mpenzi Shahira,

Salamu za mapenzi na heshima zikufikie huko Doha. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku Aleksandria tunamshukuru Mungu, ila magoti ya Mjomba Lutfi yanamsumbua kwa baridi. Ulimi wake, kama unavyoujua, haujawahi kuugua.

Uliniuliza habari za Ami Bishari, bawabu wetu. Nimekawia kujibu kwa aibu. Siku tatu baada ya wewe kusafiri alirudi kwao Sohag, yeye na mkewe na magunia mawili. Ndiyo mali yote aliyoipata kwa miaka kumi na tisa chini ya ngazi zetu.

Unaikumbuka siku simu yako ilipopotea, kesho yake ikiwa arobaini ya Mama. Ulitutuliza mwenyewe, ukasema simu hiyo si mchezo: mwizi hata akiijua namba ya kuifungulia, akiwa nayo huko nje itamdai uso wako na kumngojesha saa nzima kabla ya kubadili lolote. Ukaitafuta kwa simu ya Mjomba, nukta ya ramani ikatua juu ya jengo letu. Mjomba akasema mwizi huyo hata tramu hajapanda, na mwenye funguo za watu wote ndiye wa kuulizwa. Ami Bishari akaapa kwa kaburi la mama yake. Mjomba akamwambia amwache marehemu apumzike, yeye atoe simu. Majirani wakacheka, godoro lake likapasuliwa.

Haikupita nusu saa, akaunti yako ikakukataa na kila kitu kikafutika. Mjomba akasema bawabu ana mafundi wake.

Dada, hakuwa na fundi. Ulinzi ule hulegea simu ikiwa mahali ilipopazoea. Ulikaa nasi matanga yote, nayo ikajifunza kwamba hapa ni nyumbani. Humu ndani haikudai uso wala haikungojesha. Ilitaka namba tu, na namba ni mwaka aliozaliwa Mama. Nukta ilionyesha jengo, haikusema ghorofa, na watu wote wakatazama chini, kwa bawabu.

Simu niliichukua mimi. Mlipokuwa mkipasua godoro, nilikuwa ghorofa ya nne, jikoni kwetu.

Siku Mama alipozidiwa, alinipigia mara sita. Nilikuwa mkahawani nikicheza dhumna, sikupokea. Ami Bishari ndiye aliyembeba mgongoni ngazi zote zile. Halafu ukasema Mama alikutumia ujumbe wa sauti akiwa hospitali, na kwamba siku ya arobaini utatuwekea tuusikie sote. Niliogopa kwamba amenitaja. Nikaufuta, na kwa kuwa nakala ilikuwa kwenye akaunti, nikabadili neno la siri nikafuta na akaunti. Sauti zake zote zimekwenda. Ujumbe wenyewe sikuthubutu kuusikiliza.

Kesho napanda treni kwenda Sohag kumwomba radhi Ami Bishari mbele ya watu wake. Nikirudi nitalisema jambo hili ngazini, Mjomba akiwepo. Ami Bishari akikataa kurudi kazini, ana haki.

Sikuombi unisamehe sasa. Lakini wewe uliusikia ujumbe ule. Niandikie alichokisema Mama juu yangu, neno kwa neno, hata kama ni la kuniumiza.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Simu yako nimeifunga pamoja na barua hii. Haina kitu ndani.

Mdogo wako,
Wagdi