Kibao Chenye Jina Langu Ufukweni

Ijumaa, mwezi wa saba, jioni. Upepo wa ziwani umevuma tangu alfajiri, ule mkavu wa baridi unaopasua midomo, na mchanga umeniingia mpaka masikioni. Sina furaha hata kidogo na leo sitajifanya ninayo.

Wamezindua kibao.

Kimesimama kwenye ufuko wetu, huku upande wa Kabuta, juu ya nguzo mbili za chuma. Kilifunikwa kitambaa cha kijani mpaka saa nne, mgeni rasmi alipokivuta na watu wakapiga makofi. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Kinaeleza historia ya ardhi ya umma mahali hapa, nani aliisimamia zamani na nani anaisimamia sasa, na chini kuna masharti: usianike samaki, usipandishe mtumbwi, usiwashe moto. Mbele yake kuna mabenchi manne ya saruji. Nyuma yake ni uzio wa nyumba ya wageni inayojengwa, umeenda mpaka majini.

Hiyo ndiyo ardhi ya umma iliyobaki. Mabenchi manne ya kukalia ukitazama maji. Sisi tuliozaliwa hapa hatujawahi kuhitaji benchi ili kuliona ziwa.

Watoto wangu wa darasa la sita walisimama kwenye mstari, sketi na suruali zimepigwa pasi, wakakariri historia hiyo bila kukosea neno. Mgeni rasmi alifurahi mno. Mimi ndiye niliyewafundisha, wiki sita nzima, na kila waliposema sentensi ya mwisho nilikuwa natazama viatu vyangu.

Mwalimu mkuu ndiye aliyenipa kazi. Alikuja na ukurasa mmoja kutoka ofisi ya mjini ambayo jina lake nitaliacha, akaniambia, "Madam, wewe ni mzaliwa, kwako itakuwa rahisi." Ukurasa ulikuwa na mambo ya kweli mengi. Ulieleza jinsi Waingereza walivyoigawa nchi, ardhi ya Taji la mfalme wao huku na ardhi ya wenyeji kule, halafu uhuru ukaja na majina yakabadilika, na leo kuna ardhi ya serikali na ardhi ya mila. Hayo yote nilifundisha vizuri, na ramani nilichora. Kisha ikaja sentensi ya mwisho: "Kabla ya kupimwa, ufuko huu ulikuwa hautumiki."

Hautumiki!

Nimekulia juu ya mchanga huo. Mama alianika chisense hapo, vile visamaki vidogo kama kidole cha mtoto, tangu nikiwa mgongoni mwake. Kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika na kila mtu aliujua. Hakuna kujenga kati ya njia na maji. Jumamosi wanawake wote wanafagia ufuko, na asiyefagia haaniki wiki hiyo, hata awe mke wa mkuu wa kijiji. Nimewahi kumwona mke wa mkuu wa kijiji akirudi nyumbani na beseni lake limejaa samaki wabichi, amenuna, kwa sababu Jumamosi alikwenda harusini Chienge. Mgeni kutoka ng'ambo ya ziwa, hata awe mfanyabiashara wa Kongo aliyefika mara ya kwanza, alipewa kipande cha mchanga bila kuulizwa cheti. Na ule mwaka watu walipovuka kwa mitumbwi wakikimbia vita, walioshukia hapa walilala juu ya mchanga uleule na watoto wao, wakala ubwali, ugali wetu wa huku, kabla ya kupelekwa kambini Kenani.

Kama huo si usimamizi wa ardhi ya umma, basi sijui somo ninalofundisha ni somo gani.

Lakini sikuwafundisha watoto hayo. Niliwafundisha ule ukurasa. Na nilikuwa na sababu, ndiyo hii inayonikaba.

Sentensi ile niliitamka mimi.

Ilikuwa Januari, miaka minne iliyopita. Wasiokaa huku hawajui maana ya Januari. Ziwa linafungwa Desemba mpaka Februari ili samaki wazae, na atakayekutwa na wavu mbichi anapelekwa polisi, wavu unachomwa moto. Ziwa linafungwa, tumbo halifungwi. Kwa hiyo watu wanaingia majini kimyakimya, na mchana wanakaa ufukweni wakijifanya hawajui hata samaki anafananaje. Miezi hiyo gari lolote jeupe likisimama, mtu yeyote mwenye kofia na karatasi akishuka, kwetu huyo ni mkaguzi wa uvuvi. Hatuulizi mara mbili.

Gari jeupe likaja. Akashuka kijana mmoja mwenye adabu, amevaa kofia, ana karatasi. Akauliza kwa Kiingereza kama kuna watu wanaotumia mahali hapa. Mwenye Kiingereza pale nilikuwa mimi, basi nikawageuzia watu swali kwa Kibemba.

"Awe," walisema wote kwa pamoja. Hapana.

Nikamgeukia mama yangu kwa Kiswahili, maana yeye ni mtu wa Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, na mpaka leo Kibemba chake ni cha kununulia chumvi. Akajibu kwa sauti kubwa ili kijana asikie: "Hapa? Hapa hakuna mutu. Shiye tunapita tu."

Alikuwa amesimama juu ya mchanga alioufagia kwa mikono yake zaidi ya miaka thelathini.

Mpaka hapo tungeweza kusema ni hofu, na hofu haina hakimu. Lakini kijana yule akafungua buti la gari akatoa kile chombo cha miguu mitatu cha kupimia, na karatasi aliyoishika nikaiona. Haikuwa na habari za samaki wala nyavu. Ilikuwa ramani, ina mistari na vipande vilivyopewa namba. Nilielewa. Naapa nilielewa palepale.

Hatua kumi kutoka nilipokuwa nimesimama, chini ya matete, wavu wa kaka yangu ulikuwa bado unachuruzika maji.

Ningesema, "Samahani bwana, watu hawa wanaogopa, mahali hapa panatumika kila siku." Angeuliza panatumika vipi. Angetembea kidogo, angeuona wavu. Ndivyo nilivyojiambia. Sasa najua kijana yule hakujali wavu, alikuja kupima tu. Lakini nilichagua wavu. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri cha chuoni kwamba wakazi wanasema hakuna anayepatumia. Akaniuliza jina langu, nikamtajia, akaandika.

Simsafishi na yeye. Mwenye macho haambiwi tazama, ila huyu alikuwa na macho na akangoja kuambiwa. Mchanga ulikuwa umejaa magamba na mikwaruzo ya mitumbwi mpaka mlangoni mwa gari lake. Labda jibu la "hakuna" lilimpunguzia kazi. Basi tuliungana, yeye na uvivu wake, sisi na uoga wetu.

Uzio ulipoanza kujengwa akina mama walikwenda ofisini kuuliza. Wakaambiwa faili linasema hakuna mtu. Nani alisema? Wakazi wenyewe. Walirudi wakitukana, kila mmoja akidhani wameonewa na watu wa mbali. Hakuna aliyeunganisha uzio huo na lile gari jeupe la Januari. Nami nilikaa kimya. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, ila mdomo wangu umeponza vichwa vya watu wengi na changu kimebaki kizima.

Sasa wanaanika samaki kando ya barabara. Vumbi la malori linawashukia, mbuzi wanapita juu yao, na wale wenye baiskeli wanaopeleka samaki bara wanashika kiganja kimoja, wananusa, wanarudisha. Mama wiki iliyopita alirudi na beseni zima alilokwenda nalo.

Jumapili, baada ya ibada, akina mama walinizunguka. Wanataka niwaandikie barua waachiwe japo kipande kimoja cha mchanga cha kuanikia, upande wa mabenchi. Nikasema nina shughuli za watoto, ngojeni sherehe ipite. Ukweli ni kwamba barua hiyo lazima iseme ufuko ulikuwa unatumika, na ofisa ataichukua, atafungua faili, ataikuta sentensi yangu na jina langu vinamtazama.

Hayo niliyaogopa yakiwa bado kwenye faili, mahali pa giza. Leo yakawekwa juani.

Kitambaa kilipovutwa nilisoma kibao kuanzia juu, kama ninavyowafundisha watoto wasome. Nilipofika mstari wa chini kabisa, nikausoma mara mbili. Wameandika shukrani kwa aliyetoa maelezo kwa niaba ya wakazi. Ni mimi. Majina yangu yote mawili, hawakukosea hata herufi. Mgeni rasmi akayataja kwenye hotuba, akaniomba nisogee mbele. Nikasogea. Nikampa mkono. Nikatabasamu, na picha ipo.

Watu walipotawanyika, mama akaja na kitenge chake cha kanisani. Hajui kusoma.

"Banasema jina yako iko pale. Ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

"Nionyeshe."

Nikaweka kidole kwenye mstari wa chini. Akalipapasa jina kwa kiganja kizima, taratibu, herufi kwa herufi, kiganja chenye mikato ya magamba ya samaki. Akacheka peke yake. "Jina ya mutoto yangu. Juu ya chuma!"

Halafu akanishika mkono akanivuta pembeni, akawa anasema kwa sauti ndogo, kama mtu aliyegundua mlango. "Sasa batakusikia. Andika ile barua ya bamama. Kule ku bureau ya mjini batasema, huyu njo mwenye anajua hii mahali, jina yake iko palepale. Hawataweza kukatala."

Nilitaka ardhi inimeze, hiyohiyo ardhi ya umma. Nikasema, "Ndiyo, mama." Hayo tu. Akaniacha nimesimama, akaenda kuwaita wenzake mmoja mmoja waje wapapase.

Nimejaribu kujitetea mchana kutwa. Kwamba kila mtu alisema hivyo. Kwamba hata ningesema kweli uzio ungekuja tu, pesa haikosi njia. Huenda. Lakini wao walisema kwa sababu hawakujua wanaulizwa nini, na mimi nilijua. Hapo hakuna namna ya kupapindisha, nimepageuza pande zote.

Barua nitaiandika. Sentensi ya kwanza ninayo tayari, na inaanza na mimi: nilidanganya, nilijua, na hii ndiyo kweli. Nitataja gari, ramani, na wavu pia, japokuwa kaka hatanisemesha mwaka mzima. Huenda kazi ikaingia matatani. Mwalimu mkuu hapendi aibu. Jumatatu darasani nitafuta ubaoni ile sentensi ya mwisho na kuwaambia watoto mwalimu wao aliwafundisha uongo aliousema mwenyewe. Hilo naweza. Watoto husamehe kabla ya mapumziko.

Mama ndiye sijui.

Nimekaa nje ya jiko naandika haya kwenye simu, vidole vimekufa ganzi. Ndani anasonga ubwali na kumsimulia jirani habari za kibao, hii ni mara ya tatu, na kila mara jina langu linakuwa kubwa zaidi. Nyinyi mnaonisoma, wengine mko Lubumbashi, wengine Dar, hamnijui na hamkupoteza hata punje ya mchanga. Nyinyi nimewaambia. Yeye aliyenyang'anywa yumo humo ndani, anajivunia.

Jirani ameaga. Naweka simu chini, naingia kumwambia.