Mama Neema, Lady Isobel Ameuliza Jina Lako

Mama Neema,

Miezi minne imepita tangu tukuzike, na nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu. Unaijua. Siku ile kwenye chumba cha mapumziko pale Kista, ulipomaliza kuongea kwenye simu na bibi yetu wa Uskoti, mzee uliyekuwa ukimhudumia nyumbani kwake, ukimwita "Lady Isobel" kila baada ya maneno mawili, nilikuambia mbele ya wenzetu wote kwamba sisi tulikimbia vita, hatukukimbilia utumwa. Hukunigombeza. Ulifunika chakula chako ukasema, "Chantal, kumwita mtu anavyoitwa hakunipunguzii kitu." Wiki ileile presha ikakuangusha nyumbani Akalla. Sikuwa nimekuomba msamaha.

Baada ya mazishi, Lady Isobel alikataa kuhudumiwa. Walitumwa wenzetu watatu, na kila mmoja aliingia na "Hej, Isobel," kama tunavyofanya kwa wazee wote, maana hapa Sweden hata waziri anaitwa kwa jina lake tu. Hakuwajibu. Chakula walichompashia kilipoa mezani, na kuogeshwa akakataa. Mkuu wetu akasema hali ikiendelea hivyo atahamishiwa nyumba ya wazee, atake asitake. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa najua Kifaransa, lugha mliyokuwa mkiongea naye.

Nikaenda kwa mume wako kuomba daftari lako. Nililisoma kwenye tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, kutoka kwangu Rågsved. Uliandika vyeo vya makabaila wa Uskoti kama mwalimu: juu kabisa Duke, kisha Marquess, kisha Earl, kisha Viscount, wa tano Lord wa Bunge. Pembeni ukaonya kwamba Waingereza wanamwita huyo wa tano Baron, lakini ukimwambia Mskoti hivyo umeharibu, kwa sababu kwao Baron ni mwenye cheo cha kale kinachotokana na ardhi, na hahesabiwi kati ya hao watano. Laird naye ni mwenye shamba tu, anayeheshimiwa na majirani. Chini yake ukaandika, "Kama kapita, mkuu wetu wa kijijini." Hapo nilicheka peke yangu, halafu nikashindwa kuendelea kusoma.

Laiti ningeendelea kusoma. Nilipofika kwake nilimwita Lady, nikatia jina la ukoo la mume wake, yule fundi wa meli wa Kiswidi. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hivyo anaitwa mke wa Sir," akasema. "Mimi ni binti wa Earl. Nilizaliwa Lady Isobel, nikaolewa na mtu asiye na cheo nikabaki Lady Isobel, na nitakufa hivyo." Nikamwomba radhi. Nikarudia vizuri. Akaomba uji.

Kuanzia siku hiyo alinipokea. Hana kitu, wewe unajua: chumba kimoja na jiko, pazia la zamani, ndugu wote wamekufa. Nilikuwa nikidhani anajivuna. Sasa naona kwamba jina lile ndilo pekee alilotoka nalo nyumbani kwa baba yake.

Juma la tatu, nikiwa namkausha miguu, aliniuliza, "Neema alikuwa na watoto?"

Sikuelewa. Nikauliza Neema yupi. Akasema, "Neema. Rafiki yako. Nilikuwa nikisikia ukimwita hivyo kwenye simu, akiwa hapa kwangu." Ndipo nilipojua kwamba miaka yote hiyo alikuwa anakuita Neema, na wewe ulikuwa unaitika. Nikamweleza kwamba jina lako ni Joséphine, na kwamba kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Akauliza Neema yuko wapi. Nikamwambia alifia kambini Kigoma akiwa na miaka sita, na kwamba hata baada ya hapo hakuna aliyeacha kukuita Mama Neema.

"Kwa nini hakunisahihisha?" akauliza. "Mimi nilimsahihisha kila siku."

Swali hilo nikampelekea mume wako. Akainamisha kichwa. Akasema ulikuwa ukirudi kazini unamwambia, "Leo mtoto ameitwa tena," na kwamba siku hizo ulikula vizuri.

Jumamosi iliyopita Lady Isobel alitaka kupelekwa makaburini. Nilimsukuma kwenye kiti chake, theluji ikiwa imeanza kuyeyuka, magurudumu yakikwama. Alivaa kofia yake nyeusi na glavu. Mbele ya kaburi lako aliniomba nimsaidie kusimama, akashika mkono wangu, akasema polepole, kwa Kiswahili alichojifunza wiki nzima, "Mama Neema, samahani." Kisha akakaa, akaniambia twende, baridi inamuumiza magoti.

Nikakigeuza kiti, na yeye alikuwa ameshasema neno langu.

Lakini matusi yangu niliyatoa hadharani, kwa hiyo jana, saa ya chakula, nilisimama chumbani mle na kuwaambia wenzetu walewale kwamba nilikukosea. Wengine walikuwa wameshasahau. Mmoja alilia.

Nakuahidi mambo mawili. Bibi hatahamishwa kwa sababu ya kukosa wa kumwita anavyoitwa. Nimeshamfundisha mwenzangu wa zamu ya jioni. Na jina la Neema nitalitaja kila nikija kwako, kwa sauti.

Lala salama, dada yangu mkubwa. Kesho naingia kazini saa moja.

Chantal