Upande wa Hakimu Kwenye Nira

Tata,

Hakimu tulimla. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama Mama anapata usingizi. Yule maksai wako mzee, aliyelima mteremko wote huu wa Manga, alichinjwa siku ya mazishi yako, baba yangu. Nilimwambia Baba Mdogo wamchukue hata ng'ombe wangu wa maziwa, wamwache Hakimu, maana ndiye anayefundisha wenzake. Akanijibu bila kunitazama, "Sasa watu wazike ndugu yangu wakikula sukuma wiki, Kemunto? Hiyo ndiyo kubwa, na watu ni wengi." Wazee wakaitikia, mambo yakaisha. Watu walishiba. Mimi sikuonja.

Nakulaumu kidogo, nisamehe. Ulinionyesha namna ya kufunga nira isichune shingo, na namna ya kugeuza plau mwisho wa shamba bila kelele. Ulipenda kusema, "Mimi sifundishi ng'ombe. Namfunga tu na Hakimu, Hakimu anamwambia." Lakini mbele ya ndugu zako hukuwahi kutamka kwamba kazi hii unaniachia mimi, na kwamba Hakimu ni wa kazi. Neno moja tu, Tata. Laiti ungelisema!

Baada ya matanga alikuja yule mteja wako wa Nyakoe, mwenye mafahali wawili wasiojua nira. Akauliza fundi ni nani sasa. Nikasema ni mimi. Akacheka, si kwa ubaya, akasema nimwonyeshe kwanza Dogo, yule maksai kijana uliyemwacha hajamaliza kufunzwa. Dogo akilima, ataniletea wake.

Dogo alikataa katakata. Nilimfunga na ng'ombe wa jirani, akalala chini. Akageuza kichwa upande ule wa Hakimu, akanusa, akalia. Nami nikalia. Siku iliyofuata sikuazima ng'ombe wala sikufunga plau. Niliinua nira upande wa pili, nikaiweka begani mwangu, nikatembea. Majirani walisimama njiani: "Binti wa marehemu amekuwa maksai!" Bega lilivimba, Mama akanikanda kwa maji ya moto huku akinigombeza na kufuta machozi. Lakini Dogo alitembea. Alichotaka ni mtu upande ule.

Baadaye alimkubali ng'ombe wa jirani, tukalima shamba lote la juu. Mteja alikagua mistari, hakucheka tena. Jana alileta mafahali wake, wakorofi kweli, mmoja ameshavunja ua wa Mama. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza, na inaniuma kwamba hukusimama pale uani, ukijifanya huangalii.

Kesho asubuhi namfunga Dogo mahali pa Hakimu, na fahali mgeni kando yake. Dogo bado ni mchanga kwa ualimu. Hata mimi.

Basi pumzika, Tata, nisikuchoshe. Nakuahidi jambo moja: siku watu watakapojaa tena kwenye boma hili na kutafuta cha kuchinja, Dogo hataguswa, hata kama anayezikwa ni mimi. Nimeshamwambia Baba Mdogo, mbele ya wazee wote.

Binti yako,
Kemunto