Uliyemwamkia Porini

Itetemia, Tabora
Jumapili asubuhi

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, halafu nikakaa nikiitazama. Nimeamua kuiacha hivyo hivyo.

Mama hajambo, ila goti linamsumbua akiinama kupalilia. Asubuhi nyingine husahau, anatoa kiti chako cha kamba nje, kisha akikumbuka anaanika mchicha juu yake, ionekane ndicho alichokusudia. Mizinga yako anaiangalia mjomba. Amerina mara moja tu. Asali ni nyeusi mwaka huu, nzito, ile uliyokuwa ukisema haifai kuuzwa kwa wageni kwa sababu hawajui kuila.

Nakuandikia habari za yule uliyemwona porini. Mwezi uliopita alitufikisha mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Niiweke kwanza hapa kama ulivyokuwa ukiisimulia, nisije nikaanza kuikosea. Ulikuwa kusini ya Sikonge, umekwenda kurina. Asubuhi, umande haujakauka, ukamkuta mtu mfupi amesimama chini ya mzinga wako, amekupa mgongo. Manyoya mwili mzima, rangi ya udongo wa kichuguu. Akageuka akakutazama. Ukamwamkia, "Mwangaluka." Hakuitikia. Akaondoka amenyooka, polepole, kama mtu aliyekatizwa shughuli zake. Basi. Kila mara uliishia hapo.

Mzee Chilewa, fundi baiskeli, hakukubali uishie hapo. Yeye Mgogo, wewe Mnyamwezi, utani wenu umeanza tangu misafara ya mababu. Nikiwa mdogo nilikuwa nasikia mkibishana pale kwake, baiskeli yako imepinduliwa magurudumu juu.

"Alikuwa na mkia?"

"Sikuona mkia."

"Miguu yake je?"

"Nyasi zilikuwa ndefu."

"Basi angalau alinuka!"

"Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake."

Hapo Mzee Chilewa alitupa spana chini. "Bwana we, hata kudanganya huwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu hadi pwani, wewe mkia mmoja tu umekushinda kubeba?"

Siku ya kukuzika alitusubiri njiani. Alikuwa amevaa gunia, nyasi kavu zimechomekwa kila mahali, na fimbo ameilaza katikati ya njia. "Msafara haupiti bila hongo!" alipiga kelele, kama babu zake walivyowatoza babu zetu wakipita Ugogo na mizigo. "Nani kawaruhusu kumpitisha ndugu yangu? Binadamu wote wananikimbia, ni huyu peke yake aliyeniamkia!" Mama, ambaye tangu juzi yake alikuwa hajasema neno, alicheka. Alicheka huku analia, akashindwa kuacha, wanawake wakamshika. Mjomba akatoa chupa ya asali. Mzee Chilewa akaipokea, akavua gunia, akaja kushika jeneza upande wa kichwa. Nilikuwa nyuma yake. Hakumpisha mtu hadi kaburini.

Sasa jirani. Wewe ulipokuwa kitandani ulimwita mwenyekiti, ukamweleza mpaka wa shamba kwa mdomo wako: kutoka kwenye mninga hadi kwenye kichuguu, kisha unashuka bondeni. Baada ya kukuzika, jirani yetu wa bondeni aling'oa minyaa yote ya mpakani, akasema mpaka wake unapita upande wa juu wa kichuguu. Hapo katikati ndipo ilipo mihogo ya mama, Baba. Ndicho chakula chake. Na karatasi hatuna, kama unavyojua. Tuna neno lako tu.

Kabla ya kikao cha mwenyekiti nilikaa na shajara yangu nikapanga mawazo, maana nilijua swali la yule wa porini litakuja. Nilikuwa nimemuuliza bwana nyamapori mmoja, mtu mpole. Alisema sokwe wapo, lakini mbali upande wa magharibi, na wanajulikana hata wasipoonekana, kwa sababu wanajenga viota vya matawi juu ya miti. Huyo wako hana kiota. Hana mfupa wala kinyesi wala fuvu. Tena hawezi kuwa mmoja. Lazima awe na mama, na mama awe na wenzake. Warina asali wametembea pori lile vizazi na vizazi, wakataji wa kuni za kukaushia tumbaku wameingia kila upande. Kundi zima lingejifichaje? Nilijaribu pia upande wako. Pori ni kubwa. Mnyama mwerevu husikia shoka kabla hatujamsikia yeye. Na sokwe mmoja mzee, aliyefukuzwa na wenzake, anaweza kutembea mbali sana. Lakini nilipokuonyesha sokwe kwenye kitabu changu cha biolojia ulisema, "Wanafanana. Wangu alinyooka zaidi." Hukusema siye. Hukusema ndiye.

Hata lugha haikunisaidia. Ulisema "nilimwona". Mtu tunamwona, na mbuzi tunamwona.

Siku ya kikao jirani alisimama akauliza, "Mwenyekiti, kweli tugawe ardhi kwa neno la mtu aliyemwamkia nyani?" Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kile kile cha mazishini, na hakikuwa kile. Mama alitazama chini.

Mwenyekiti akanigeukia. "Binti, wewe umesoma. Huyo aliyemsema mzee wako yupo au hayupo?"

Nikisema yupo, na mimi nachekwa. Nikisema ulikuwa unatania tu, basi hata mpaka ulikuwa utani. Nikasema, "Mwenyekiti, mimi siamini kuwa yupo. Ila baba alimwona. Kitu gani, sijui, na yeye alisema hajui. Mwongo angekuwa ameshampa mkia zamani."

Sidhani kama nilieleweka. Ndipo Mzee Chilewa akainuka kwenye benchi la nyuma, bado ana grisi mikononi.

Alimwelekea jirani kwanza. "Wewe kabila gani?" Jirani akataja. "Basi huna utani na huyu marehemu. Mimi ndiye mwenye ruhusa ya kumwita mwongo, na nimeifanya kazi hiyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Wewe ukimwita hivyo umemtukana." Kisha kwa mwenyekiti: "Nimemsukuma huyu mzee aongeze neno moja. Nimemlewesha pombe ya asali aongeze. Hakuongeza. Mnyamwezi mbishi kuliko punda. Mimi nimechoka, nendeni mkapime."

Wazee wakaenda shambani. Mwenyekiti alirudia maneno yako moja moja. Mninga upo. Kichuguu kipo. Minyaa iling'olewa lakini mashimo yake yalionekana, yamefuata mstari ule ule uliousema. Mihogo ni ya mama.

Ila walipofika bondeni mwenyekiti alisimama. Alisema ulimwambia hivi: "Kona ya chini siijui. Niliponunua ilikuwa chini ya maji, hatukuikanyaga." Mjomba alinibana mkono nisikubali. Ile kona ndiyo yenye udongo mweusi, ndiyo inayofaa mpunga. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekusikia ukisema hivyo, mwenyekiti mwenyewe tu. Tungeweza kubisha, lakini sikubisha. Wazee wakampa jirani kona yote, kwa kuwa ameilima muda mrefu.

Mjomba bado amenuna. Anasema ungenyamaza tu, tungekuwa na mpunga. Juzi alitaka tukate rufaa kwenye baraza la kata, akaniambia niandike kuwa ulinionyesha kona ile mwenyewe nikiwa mdogo. Nilimwambia hapana. Ameniambia nimekuwa kama wewe, na hakulisema kwa uzuri.

Nimekaa na neno hilo siku kadhaa. Naona linanitosha.

Mama ananiita, uji umeiva. Pumzika, Baba. Mvua zikirudi nitapanda minyaa kutoka kwenye mninga hadi kwenye kichuguu, na kutoka hapo kushuka hadi pale ulipopajua. Chini ya hapo sitapanda kitu, wala sitasema ulipajua. Nakuahidi.

Binti yako,
Kalunde