Abasi Amekataa Askari wa Bure

Rumonge,
12 Rajabu 1329

Kaka mpendwa Asmani,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Je, kikohozi kimekuacha? Wifi Biasha na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama macho ndiyo basi, hayaoni tena, lakini bado anajiendea ziwani akipapasa ua kwa mkono, na ugomvi wake uko palepale.

Uliuliza kwa nini shemeji yako Abasi anafungwa sataranji kila Ijumaa na Bwana Daktari, yule Mdachi wa kambi ya wagonjwa wa malale ambaye Abasi humtengenezea milango. Nimekaa barazani nikisuka ukili, nikaona. Bwana huanza na askari aliye mbele ya yule tunayemwita waziri, wao humwita malkia. Abasi humzuia kwa askari wake, uso kwa uso. Ndipo Bwana husukuma wa pili, pembeni mwake, hana mlinzi, kama sahani ya tende. Abasi humla! Kwa kumla anaacha kati ya ubao wazi, Bwana anaitwaa, na mchezo umekwisha.

Nilimuuliza kwa nini anamla kila mara. Akanishangaa: "Kulthumu, mutu akikupa kitu, utakataa namna gani?" Huyo ndiye mume wangu, kaka. Sukari, misumari, kila alicholetewa na Bwana alikipokea kwa mikono miwili.

Basi Bwana alipomwambia tuhamie naye Kasanga, mwisho wa ziwa, tupewe na nyumba, Abasi alisema atafikiri, nami nikajua ameshapokea. Mama asingeiweza safari ile, na kumwacha nisingeweza. Nilifunga mikeka ya safari kimya kimya, Mama asijue. Nililia sana, sikufichi. Mwishowe nikamwambia Abasi ajaribu kukataa kwenye ubao kwanza, huko hakuna atakayeudhika.

Ijumaa iliyopita askari wa bure akaja tena. Abasi alimtazama mpaka uji wake ukapoa, kisha akasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua moja tu, amwegemeze yule wa kati. Bwana akimla wa kati, huyu analipiza, na kati haiachwi. Kweli, tembo wake mmoja, yule kete aendaye mshazari, alibanwa nyuma, lakini hakuna kilichovunjika. Wakaishia suluhu.

Bwana akacheka, akauliza tena habari ya Kasanga. Abasi akaweka kiganja kifuani: "Murakoze, asante sana, Bwana. Lakini mama yetu iko hapa. Tunabaki."

Bwana akaanza kupanga askari upya. Hakukasirika!

Jioni nikafungua kamba za mikeka. Mama, ambaye tulidhani hajui lolote, akasema kutoka chumbani: "Afadhali. Siku ile ulipofunga mikeka nilisikia."

Nisalimie wifi Biasha, mjomba Idi na Chausiku. Mola awakinge na homa na mawimbi. Mama anasema ukija usiulize njia, utamkuta palepale.

Mdogo wako akupendaye,
Kulthumu