Mke Wangu Anazima Mtambo Juu ya Paa

Bi Farida mpendwa, shikamoo. Jambo hili limenishinda ndiyo maana nakuandikia, unisamehe maandishi yangu, shule niliishia darasa la tano.

Mimi ni kibarua hapa Ufukoni, Mtwara, lakini kwetu ni kijijini kando ya Mto Ruvuma, nilimwacha mke wangu Anabela na watoto tangu msimu wa korosho uliopita nikaja kuchimba mitaro ya nyaya kwa mhandisi mmoja anayejenga mtandao wa vijijini, na kwa kuwa nyumba yangu ya huko kijijini iko kwenye mwinuko aliomba tuweke antena na kisanduku cha mtandao juu ya paa langu, nikakubali. Jioni nikishaoga na kutoa udongo ananikalisha mbele ya kompyuta ya Unix, ile isiyo na picha, maandishi matupu, amenifundisha amri ya kuandika, kompyuta inatuma pakiti, yaani vipande vidogo vya habari, vinapita mnara kwa mnara mpaka kwenye paa langu na kurudi, nami naongeza na kuongeza mpaka njia izidiwe, kisha namsomea mhandisi ngapi zimerudi na ngapi zimepotea. Nisikufiche, naipenda kazi hiyo kuliko chakula, maana kila zinaporudi najiona nami nimefika mlangoni, nasikia harufu ya muhogo unaochemka na sauti za wanangu, basi nikaridhika, hata simu nikapunguza kupiga. Siku moja nilimwambia Anabela, "Najua hamjambo, pakiti zote zimerudi." Akanijibu, "Kumbe umeoa paa! Haya, endelea kuongea nalo."

Mwezi uliopita haikurudi pakiti hata moja. Mhandisi akamtuma fundi Jafari kwa pikipiki, akakuta waya wa sola inayowasha kile kisanduku umechomolewa tu. Aliporudi akaniambia, "Kaka, shemeji kapendeza, kitenge kipya, wali na samaki tayari, sahani mbili mkekani. Lakini kuniona tu akanuna, akachungulia nyuma ya pikipiki, akauliza, 'Umekuja peke yako?'"

Bi Farida, sahani ya pili ilikuwa ya nani? Sasa pakiti zimekatika tena, na Jafari anangoja njia ikauke aende. Nimwombe anichunguzie huyo mwanamume, au nimwache Anabela na maisha yake nisirudi tena? Nampenda mke wangu, na nimechoka.

Raimundo, Ufukoni

Marahaba, Raimundo mwanangu. Nimekusoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, ya pili nikatamani kukuvuta sikio.

Sahani ya pili ilikuwa yako. Mwanamke anayeficha mwanamume hachomoi waya unaomletea fundi mlangoni mchana kweupe! Anabela ameona kwamba akizungumza nawe unamjibu kwa hesabu za pakiti, lakini mtambo ukinyamaza watu wanashtuka huko Mtwara na mtu anapanda pikipiki. Akapika, akavaa, akangoja. Akashuka Jafari. Hebu jiweke mahali pake wakati anachungulia nyuma ya ile pikipiki.

Nawe acha kujidanganya. Kile kisanduku kinajibu chenyewe, hata mkeo akiwa kisimani, hata mtoto akiwa na homa, hata nyumba ikiwa imehamwa. Hakijakuletea habari ya mtu yeyote. Uchovu wako nauelewa, na hamu yako ya nyumbani ni ya kweli, ila yote umeimalizia kwenye kompyuta, mkeo hukumpa hata kidogo.

Mwambie mhandisi leo hii kwamba waya uliochomoka hauhitaji fundi, mwenye nyumba atakwenda mwenyewe. Akikunyima ruhusa, nenda. Mitaro ya kuchimba haitaisha huko Mtwara. Huo upelelezi unaotaka kumpa Jafari ufute kabisa, ni kumdhalilisha mkeo mbele ya mtu baki. Wala usingoje njia ikauke, usafiri ukikwama shuka utembee. Kabla hujaondoka mpigie Anabela, umwambie unakuja, basi, mengine yasubiri.

Ukifika, usipande juu. Ingia ndani, kuleni pamoja, muulize ameishije miezi yote hii, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Huo waya utauchomeka siku atakayosema yeye.