Bunduki Fupi Ambayo Hukuifyatua Tarbaj

Mpendwa Aabo, baba yangu,

Leo asubuhi nimewafundisha askari wapya hapa Garissa kufungua na kusafisha bunduki fupi, aina ile ile uliyokabidhiwa ulipokuwa polisi wa akiba kule Tarbaj. Nimeyarudia maneno yako bila kuwaambia ni ya nani.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwanza, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Ulitoa risasi zote, ukanionyesha kuwa hakuna iliyobaki ndani, ndipo ukatandika shuka na kupanga vyuma kimoja kimoja. Ulisema hii ni bunduki ndefu ya askari wa miguu, iliyopunguzwa mtutu. Hapo zamani bunduki za namna hii walifupishiwa wapanda farasi. Baadaye wakafupishiwa madereva, wanajeshi wa vifaru na wale wanaoruka kwa miavuli, watu wasio na nafasi ya kugeuza chuma kirefu. Kitako nacho kikafanywa cha kukunja. Lakini mtutu mfupi ulileta taabu: gesi ya baruti ilitoka upesi mno, kabla ya kuisukuma mashine ipakie risasi inayofuata. Ndiyo maana mafundi wakafunga kile kikopo kinene mdomoni mwa mtutu, kiizuie gesi kidogo.

"Ndani ya gari inatosha," uliniambia. "Mbali, usiiamini."

Sikuyatilia maanani.

Mwezi uo huo watu waligombania zamu ya kunywesha ngamia kisimani, na mmoja akafyatua risasi hewani. Alikuwa mbali nawe, ng'ambo ya kisima, na katikati yenu wanawake walikuwa wamelala kifudifudi kando ya mitungi yao. Adeer Abdi, mdogo wako, uliyekuwa naye zamu ya ulinzi, alikuhimiza umpige risasi. Mimi nilikuwa nyuma ya hodhi. Nilikuona ukikunja kitako, ukaitundika bunduki mgongoni, ukaenda kwa miguu mikono ikiwa wazi. Ulipomfikia yule mtu, mliongea kidogo, naye akaishusha silaha yake. Hakuna aliyeumia.

Adeer aliwaambia watu kwamba uliogopa. Shuleni wakaniita binti wa mwenye bunduki ya mapambo. Nilikuonea aibu, Aabo. Wiki nzima sikukuletea chai, nilimwachia Hooyo, mama yangu, akuletee. Ulikunywa, wala hukuuliza.

Miaka ikapita, nikasomea ufundi wa silaha. Siku moja uwanjani niliweka shabaha umbali kama ule wa kisimani, nikaipiga kwa bunduki fupi. Moto ulitoka mdomoni mwa mtutu mpaka nikapepesa macho. Risasi zangu nyingi zilitua chini na pembeni, pale ambapo wanawake wangekuwa. Nilitaka kukupigia simu. Ulikuwa umeshatangulia mbele za haki miezi minne kabla.

Habiba, mmoja wa wale wanawake, sasa anauza maziwa ya ngamia hapa mtaa wa Iftin. Juma lililopita nilimuuliza anakumbuka nini.

"Alipita karibu yangu kabisa," alisema. "Akaniambia, 'Usiinuke, abaayo, dada yangu, naenda kuongea naye.' Miguu yake ilikuwa inatetemeka."

Hilo sikulijua. Kumbe Adeer alisema kweli, uliogopa. Ukaenda hivyo hivyo.

Nisamehe. Ijumaa nakwenda Tarbaj kumwambia Hooyo haya yote, maana nadhani hata yeye hukumwambia.

Allah akurehemu, Aabo.

Binti yako,
Hodan